Pasipoti ya Chui, Pasipoti ya Taji

Winnipeg, 8 Januari 2023

Mama yangu,

Kwenye simu tunasalimiana mpaka laini inakatika, halafu kila mmoja anabaki na lile alilotaka kusema. Ndiyo maana leo naandika. Barua hii nitaipiga picha nimtumie Casimir, naye akutolee nakala kwenye secrétariat yake, kile kibanda cha kuchapa pale sokoni. Mwambie asisome. Najua atasoma.

Mama, nimepata likizo. Wiki nne, kuanzia tarehe 3 Julai. Nakuja Baraka.

Nimeandika sentensi hiyo nikakaa nayo kitambo kabla ya kuendelea. Miaka kumi na saba. Niliondoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kuja Kanada nikiwa na miaka tisa, nimeshika mkono wa Mama mdogo Georgette, na wewe hukuwepo. Sikuzote nimeambiwa kwamba siku ile ulikuwa umevuka ziwa kurudi Kongo kutafuta habari za Baba, na basi halikungoja. Sikulaumu. Lakini tangu siku ile nafika kila kituo nusu saa kabla.

Sasa kuna jambo la kuamua. Mezani kwangu kuna pasipoti mbili. Moja ina nembo yenye taji, ya Kanada. Nyingine ina kichwa cha chui, ya kwetu, niliyoichukua mwaka juzi kwa ile attestation, hati ya kuzaliwa, uliyonitumia. Hata siku zangu za kuzaliwa hazifanani: kwenye ya chui nilizaliwa Agosti, kwenye ya taji tarehe moja Januari, kama nusu ya watoto wa kambini ambao makarani hawakuwa na muda wa kuwauliza. Sheria ya Kongo inasema uraia ni mmoja tu, hautaki mwenzake. Watu wengi wa kwetu hutoka huku na ya taji, wakaingia huko na ya chui, na hawasemi kitu. Mimi si hodari wa kutosema kitu. Nikinyamaza nasikia kelele.

Na kuna linalonitisha zaidi. Ya chui imetokana na karatasi inayosema mama yangu ni Faida M'mbondo. Ya taji imetokana na faili la kambini, ambako nilihesabiwa kwenye kadi ya Mama mdogo pamoja na mwanawe Wilfried. Namkumbuka karani aliyeniuliza, "Mama yako nani?" Nikamwonyesha Georgette kwa kidole, maana kwetu mdogo wa mama ni mama, na ndiye aliyekuwa amekaa pale. Akaandika. Je, niliidanganya serikali nikiwa na miaka tisa? Mtu akiziweka pasipoti hizi pamoja akaanza kuuliza, watanipokonya ya taji? Watampokonya na Mama mdogo, na Wilfried? Nitakuja kukuona halafu nirudi wapi?

Niambie, ni karatasi gani zilizotiwa sahihi wakati ule? Na nije na ipi?

Mtoto wako,
Pulchérie


Baraka, 19 Januari 2023

Mutoto wangu Pulchérie,

Barua yako nimesoma mara tatu. Ya kwanza kwa Casimir nikiwa nimesimama, ya pili mu nyumba nikiwa nimeikala, ya tatu sikuona herufi juu ya machozi. Sasa nimepangusa macho, niko najibu.

Ukuje. Sitaki kusikia neno ingine. Sikuambia muntu hata mumoja. Niliambia tu Mama Waridi mwenye kuuza samaki ya ndakala pembeni yangu, akaapa kwa imani yake kama ni siri, na kesho yake soko yote ilikuwa inajua. Banauliza kama ungali unakula sombe yetu ya majani ya muhogo. Nimejibu: kama hakuli, arudie njia alitokea.

Hapa hakuna muntu ananiita Faida, unajua? Hata batoto ya juzi juzi bananiita Mama Pulchérie. Banajua jina yako, sura hapana. Kuna katoto kamoja kaliniuliza kama Pulchérie ni muntu ama ni kijiji nilitokea.

Juu ya paseporo, ukuje na ile ya taji. Lipa visa, ukuje kama mugeni, urudie kazi yako muzuri. Ile ya chui uiache ku kabati ilale. Na mambo ya kambi, mutoto, usiguse. Ile dosiye ni muzinga ya nyuki. Yenyewe inanyamaza, we pia nyamaza. Karatasi ya wakati ule iliandikwa na bakarani, mi sijui kitu, sikuwa pale. Si unajua nilikuwa nimevuka ziwa.

Kitanda yako nimeagiza kwa seremala. Amesema muntu wa Kanada analala ku kitanda ya urefu gani? Nikasema: apime ile ya mama yake, aongeze mukono moja.

Mama yako

*Dada Pulchérie, mi Casimir. Sijasoma. Lakini binamu yangu wa Norvège alikuja na zote mbili, moja mu soksi. Alitembea kama bata tangu Uvira mpaka hapa. Fikiri muzuri.*


Winnipeg, 12 Februari 2023

Mama,

Casimir amenichekesha, halafu nikasoma tena maneno yako na kicheko kikaisha.

Unasema nije kama mgeni. Basi nimechukua fomu ya viza. Wanataka jina la baba, nimeandika. Wanataka jina la mama. Chini zaidi wanataka jina la mtu atakayenipokea, na uhusiano wetu. Mama, nimekaa na kalamu mbele ya mistari ile jioni nzima. Nikiandika Faida, na Kanada wanalo la Georgette, nimejichongea mwenyewe. Nikiandika Georgette, nitashuka Baraka na karatasi inayosema mwanamke anayeningoja ufukweni ni mtu baki. Na nikija na ya chui nisijaze kitu, nitakuwa nimefanya nilichofanya maisha yangu yote, yaani kupita kimya nikiomba nisiulizwe.

Nilimwuliza Mama mdogo. Alikuwa anasonga bugali. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, na unamjua, haachi mwiko hata wageni wakigonga mlango.

"Muulize mama yako," akasema.

"Nimemwuliza."

"Umuulize tena."

Bugali uliungua. Tuliula hivyo hivyo, Wilfried akikwangua kingo.

Kwa hiyo nimefikiri mwenyewe, na unajua nikifikiri peke yangu nafika wapi. Nadhani mnanificha jambo. Nadhani waliandika kwamba umekufa. Ndiyo njia rahisi ya kumhamisha mtoto kadi: mama amefariki, shangazi au mama mdogo amemchukua. Kama ndivyo, basi kila kitu nilicho nacho huku, shule, kazi ya maabara, ufunguo wa nyumba hii, kimejengwa juu ya kaburi lako la uongo. Siwezi kuja kukukumbatia nikiwa na hilo mfukoni.

Mtu akiniambia nisiguse mzinga, nasikia nyuki. Nimeomba nakala ya faili langu. Sheria ya huku inaniruhusu. Watanitumia mwezi ujao, au ule unaofuata.

Usinikasirikie.

Pulchérie


Winnipeg, 5 Machi 2023

Yaya Faida, dada yangu mukubwa,

Casimir, hii si yako. Ukisoma, meno itoke.

Yaya, mutoto ameomba dosiye. Sikuweza kumuzuia, na kama ningemuzuia angezidi kuamini kama kuna kaburi mahali. Anakula akiangalia ukuta. Anaosha sahani yenye iko safi.

Unakumbuka kwenye tulikubaliana. Ilikuwa pale ku foleni ya mahindi, we na mi, umebeba mama yetu mugongoni kwa sababu mguu yake ilikuwa mugonjwa. Ulisema: "Afazali afikiri nilichelewa, kuliko ajue nilitia sahihi." Mi nikakubali, kwa sababu ulikuwa unalia na sikuwa na neno ingine ya kukupa. Tangu ile siku nimebeba hiyo uongo kama mutoto wa watu. Kila tarehe ya basi ikifika ananiuliza: "Mama mdogo, kama basi ingengoja nusu saa, Mama angefika?" Nami ninamujibu: "Labda."

Yaya, sisi hatukudanganya serikali. Nilimwambia ule dada karani wa bureau: huyu ni wa dada yangu, na dada yangu atakuja kusaini mwenyewe. Na ulikuja, na kitenge ya manjano, ukasaini. Mutoto anaogopa uongo yenye haiko. Na ile yenye iko, hajaiona bado.

Mwambie mbele karatasi imwambie. Karatasi haina sauti ya mama.

Mudogo wako,
Georgette


Baraka, 16 Machi 2023

Georgette mudogo wangu,

Usimwambie. Ni mi nilisaini, ni mi nitasema.

Nimeanza hiyo barua mara ine. Kila mara ninafika ku neno "nilikutoa", kalamu inasimama. Naenda kupika. Narudi, neno ingali pale.

We unakaa mbali, hujui namna nimeishi na hii. Wakati nilirudi Baraka na meli ya kurudisha bakimbizi, na mama yetu ku machela, bantu baliniuliza: "Mutoto yuko wapi?" Nikasema: "Basi ilimubeba, mi nilikuwa nimevuka ziwa." Balilia na mi. Balinipa unga, balinipa kiwanja ya kuuzia samaki. Miaka yote hii nakula huruma ya muntu aliyechelewa. Sasa niende niseme kama sikuchelewa? Kama nilikuwa na siku mingi ya kukataa, na sikukataa?

Na yeye. Yeye njo ninaogopa. Muntu anasamehe basi yenye haikungoja. Mama je?

Nipe mpaka Pasaka. Nitaandika.

Faida

*Mama Georgette, meno yangu iko yote. Sijasoma. Lakini kama ningesoma ningesema: mutu aandike mbio.*


Winnipeg, 18 Aprili 2023

Mama,

Faili limefika.

Lina kurasa arobaini na tatu. Nililifungua kazini wakati wa mapumziko, kwa sababu nyumbani Mama mdogo angeniona usoni. Nilisoma kama ninavyosoma matokeo ya damu ya mtu, nikitafuta ile namba moja iliyo mbaya.

Haipo.

Ukurasa wa kumi na mbili una mahojiano yangu. "Mtoto amemwonyesha mama mdogo alipoulizwa mama yake ni nani." Na pembeni, kwa mkono wa karani huyo huyo, ameandika: "Ni desturi yao, dada wa mama huitwa mama. Si uongo. Mama mzazi yupo kambini, angalia ukurasa wa 31." Mama, yule karani alielewa. Nimemwogopa mtu yule miaka kumi na saba, na alielewa kwa dakika moja.

Nikafungua wa 31.

Ni fomu iliyopigwa chapa, Kiingereza juu na Kiswahili chini. "Mimi Faida M'mbondo, mama mzazi wa Pulchérie Asende, nakubali mtoto wangu aende na mdogo wangu Georgette." Sahihi yako. Chini ya sahihi, mahali ambapo hakuna mstari, umeandika kwa mkono: "Mama Pulchérie". Na chini yake tena: "Naomba asome."

Tarehe ni 9 Februari 2006. Basi lilikuja Juni.

Nimehesabu. Miezi minne. Miezi minne ulinisuka nywele ukijua. Ulinifundisha kuchemsha maharage, na ukanilazimisha kuoga kichwa mwenyewe, na mimi nikasema una haraka gani, na ukasema, "Mutoto wa miaka tisa ajue kichwa yake." Nakumbuka sabuni ikiingia machoni. Sikujua nakumbuka nini.

Siku ya basi hukuwa umevuka ziwa. Au ulikuwa umevuka? Sasa hilo tu ndilo nisilolijua.

Nitakuambia kweli yote, kwa kuwa nimechoka na nusu. Hasira ipo. Ni ndogo, imekaa mlangoni, haijaingia. Lakini kilichoingia kwanza, kabla yake, ni kama mtu amenitua mzigo kichwani nikiwa nimesahau kwamba nimebeba. Hakuna kaburi. Hakuna serikali iliyodanganywa. Hakuna atakayempokonya Mama mdogo kitu. Na mimi, Mama, sikusahauliwa na basi. Nilitumwa. Nilikuwa na barua mgongoni na nilikuwa sijaisoma.

Jioni nimejaza fomu ya viza. Jina la mama: Faida M'mbondo. Atakayenipokea: Faida M'mbondo. Uhusiano: mama mzazi. Kalamu haikusimama hata mara moja.

Kwa hiyo nakuja na ya taji, kama ulivyotaka, lakini si kwa sababu yako ya mzinga. Mwanzo niliona ya taji ni ya Georgette na ya chui ni yako. Nilikosea. Ya taji ndiyo uliyoitia sahihi.

Niandikie kuhusu siku ya basi.

Pulchérie


Baraka, 3 Mei 2023

Mutoto wangu,

Niliomba mudogo wangu anipe mpaka Pasaka. Pasaka ilipita, mi niko na kurasa ine zimekunjwa chini ya godoro, zote zinaanza "Mutoto wangu" na hazina kitu ingine. Umenishinda mbio. Ninashukuru. Sikuwa nitaweza.

Uliuliza siku ya basi. Sikuvuka ziwa. Nilikuwa ku bomba ya maji, katikati ya bamama, nimejifunika kitenge ya bibi yako ili usinijue. Ndoo yangu ilijaa, ikamwagika, ikamwagika, na mwenye kuwa nyuma yangu alikuwa anasema: "We mama, umelala?" Basi ilipita pale. Ulikuwa ku dirisha, lakini ulikuwa unaangalia upande ya pili, ku njia ya ziwa. Ulikuwa unaniangalia kwenye sikuwa.

Kama ungeniona, usingepanda. Na kama ningekuona macho, nisingekuacha upande. Njo vile.

Bibi yako hakuwa na mguu ya kusafiri, na sikuwa na mwingine wa kumuachia. Georgette alikuwa na nafasi. Kule kambini ulikuwa unasoma mu darasa ya batoto mia, unaandika ku mapaja. Siku moja ulirudi ukaniambia: "Mama, leo nimeona ubao." Ulikuwa na furaha sana. Njo siku ile nilikata shauri. Muntu asikae na furaha juu ya kuona ubao.

Hasira yako ibaki pale ku mulango. Ikuje nayo, kuna nafasi. Nitaipikia pia.

Sasa sikiliza ingine. Jumamosi nilienda soko, nikasimama mbele ya Mama Waridi, nikasema: "Mi sikuchelewa basi. Nilisaini." Moyo ilikuwa inapiga kama mutambo ya kusaga mawe ya zahabu kule Misisi. Mama Waridi aligeuza ndakala yake, upande moja, upande ya pili. Akasema: "Mulibaomba bachukue moja tu? Mi ningesaini batoto yangu yote sita, na baba yao juu." Tulicheka mpaka bantu baliacha kununua. Miaka kumi na saba nimeogopa ile mama, Pulchérie. Tangu siku ile ninalala.

Kitanda imeisha. Ni ndefu sana. Seremala anasema atairudisha kwake aikate kama ni ya muntu mufupi.

Mama yako, mwenye kusaini


Baraka, 9 Julai 2023

Kwako Mama mdogo Georgette,

Nimefika salama. Nimelala siku mbili, nimekula sombe mara tano, na leo asubuhi Mama amenipa karatasi akasema nikuandikie wewe, si kupiga simu, kwa sababu simu haibebi harufu. Harufu unayoisikia ni ndakala. Barua hii nitakuletea mwenyewe mkononi.

Pale Kigoma afisa alinigongea muhuri wa kutoka kwenye ya taji, kisha nikapanda boti. Nilikaa kati ya magodoro na katoni za sabuni, karibu na mwanamke wa Kazimia aitwaye Nadège. Aliniona nikipanga karatasi zangu akaiona ile ya pili.

"We, uko na mbili?" akanong'ona. "Weka ya taji mu kifua, utoe ya chui. Mugeni analipa mpaka kivuli yake."

"Mama, nimechoka kuficha."

"Basi utalipa na utachoka," akasema, akanipa ndizi.

Nilipoiona milima ya Fizi ikitoka kwenye ukungu, nilitia mkono kwenye begi. Moja ilikuwa kulia, nyingine kushoto. Sitakudanganya, zote mbili zilikuwa za moto.

Ufukweni kuna meza chini ya bati, na kamba ya kuwazuia wanaopokea wageni. Nyuma ya meza alikuwa bwana mmoja wa umri wangu, miwani imefungwa uzi, hana haraka na mtu. Nikaiweka ya taji mbele yake. Akasoma viza. Akasoma jina. Akasoma tena, akaninyanyulia macho.

"Umezaliwa tarehe moja Januari."

Nikafikiria ya chui na Agosti yake ndani ya begi.

"Ndiyo."

"Nyarugusu?"

"Ndiyo."

Akavua miwani. "Mi pia ni tarehe moja Januari. Muke yangu pia, na kaka yake, na mwalimu wa bacheza mpira. Ku nyumba tunapika kuku moja, tunasherehekea bote, imeisha." Akacheka peke yake, kisha akakaza uso kama anakumbuka kazi. "Haya, Madame wa Kanada. Nani anakupokea hapa?"

Sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma ya kamba.

"Mi!"

Afisa hakugeuka. "Mi ni nani?"

"Mama yake! Iko mu fomu! Soma!"

Mama mdogo, ni mtu yule yule aliyeniambia nisiguse mzinga. Alikuwa ameegemea kamba mpaka kamba inalia, kitenge cha manjano, mkono mmoja juu kama mwanafunzi anayejua jibu. Watu wote pale walikuwa wanacheka, Casimir akipiga picha asizoombwa. Afisa akaifungua fomu polepole, akatafuta kwa kidole, na akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Anayempokea: Faida M'mbondo. Uhusiano: mama mzazi."

"Njo mi!" akasema Mama. "Gonga muhuri, baba. Bugali inapoa."

Akagonga. Siku thelathini. Nikapita chini ya kamba kwa sababu sikuweza kungoja waifungue. Sitakuandikia kilichofuata. Nitakusimulia nikirudi, ukiwa umekaa, na mwiko uko mbali.

Ya chui haikutoka begini. Casimir ameomba kuishika, ameishika, amesema picha ni mbaya. Inaisha mwaka 2026. Najua siwezi kubeba zote mbili milele nikajiita mkweli, na siku moja nitaamua. Lakini sasa naweza kuiwaza nikiwa nimekaa, bila kusikia hatua za mtu mlangoni.

Jana nilimpa Mama nakala ya ukurasa wa 31. Nilifikiri atalia, nikawa nimeshika kitambaa tayari. Aliichukua akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, akaisoma akiwa amekunja uso, kama anavyoangalia samaki wa mtu mwingine.

"Hii F niliandika mubaya," akasema.

"Inasomeka, Mama."

"Inasomeka, lakini ni mubaya. Angalia, imelala. Mukono ilikuwa inatetemeka." Akaipapasa kwa kidole. "Bantu ba Kanada banaiona hivi tangu 2006?"

"Walioiona hawakusema kitu."

Alikaa na karatasi mapajani muda mrefu. Nami nilikaa karibu yake, bega kwa bega, na ile hasira niliyokuja nayo nikaitafuta, nikaikuta imelala pale kwenye kile kitanda kirefu, haina nguvu ya kuamka. Labda itaamka. Nitamwambia ikiamka.

Sasa hivi amesimama nyuma yangu, anasoma ninachoandika, na anasema nimetia chumvi kwenye habari ya kamba. Anasema nikusalimie, na kwamba hukubeba uongo bure, umefika, uutue. Anasema pia nisifunge barua. Anataka kalamu. Anasema leo mkono umetulia, na wewe ndiye shahidi wa ile sahihi ya kwanza, kwa hiyo uone na hii.

Wako,
Pulchérie

Faida M'mbondo
Mama Pulchérie
*Alisoma.*